Kamba ya Kutoka Benchi Hadi Ziwani

Siku mliponiaga pale gereji mlinipa blanketi, tochi, na hotuba ndefu ambayo nusu yake ilikuwa uongo wa adabu. Nawashukuru kwa vyote vitatu. Lakini wakati wa chai mmoja wenu aliniuliza kwa nini gereji yenye bomba la maji ndani ina kamba iliyofungwa kwenye mguu wa benchi la betri, ikapita mlangoni, ikateremka ufukweni hadi kwenye mti uliochomekwa ndani ya maji. Mnaianikia ovaroli, na kila mwaka mliniona nikiibadilisha kwa mkono wangu. Nilicheka, nikajibu kwamba ni mambo ya zamani. Nilikwepa. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu bila injini ya kusikiliza, na jambo nililolificha tangu miaka ya hamsini halinipi usingizi. Nitaliandika lilivyokuwa, kwa sababu kinywa changu kimeshindwa mara nyingi mno.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Vyeo vilichelewa na mishahara iliwahi kwisha, basi.

Nilifika Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mke mmoja, na baiskeli isiyo na breki. Wakati huo gereji ilikuwa ya tajiri mmoja aliyenunua samaki ufukweni na kuwapeleka kwa wafanyakazi wa migodini. Alikuwa na malori manne, na kwa kawaida mawili yalikuwa yanatembea. Jengo lilikuwa mabati juu, saruji chini. Nyuma yake palikuwa na jiko ambako Mama Odila, mke wa fundi wetu, alitupikia chakula cha mchana. Mbele yake, hatua arobaini tu kutoka mlangoni, lilikuwa ziwa. Nazitaja hatua hizo mapema kwa sababu nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu kingine chochote maishani.

Fundi mwenyewe alikuwa Papa Ilunga. Alitoka ng'ambo, upande wa Kongo, na kazi aliisomea Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kwa sababu yake, nje tulizungumza Kibemba na tukiingia chini ya mabati tulizungumza Kiswahili, Kiswahili chake yeye. Alikuwa mtu mfupi, msafi kupita kiasi kwa kazi ile, mwenye alama nyeupe nyeupe kwenye vidole. Nilidhani ni ugonjwa. Baada ya mwezi mmoja nilianza kuzipata mimi pia, na kaptula yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa na matundu mengi kuliko wavu wa wavuvi wa kijiji cha Kabuta.

Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipeleka kwenye kona palipokuwa na betri iliyopasuka ubavu, imekaa juu ya trei ya mbao, na chini yake sakafu ilikuwa imelowa. Nilitaka kupangusa kwa kitambaa. Alinishika kifundo cha mkono, akachota majivu kwenye debe na kuyamwaga juu ya ule unyevu. Sakafu ilichemka bila moto. Povu lilipanda, likapiga kelele kidogo, likatulia, likawa tope la kijivu tu.

"Mayi ya betri haina na rafiki, Musonda," alisema. "Inakulaka chuma, inakulaka nguo, inakulaka mutu. Kitu inaogopaka ni majivu."

Maneno hayo niliyameza mazima mazima. Ningekuwa mwanafunzi mzembe, yangepita, na pengine leo nisingekuwa na la kuandika.

Mengine alinifundisha polepole, na mengi yake mnayafanya hata leo bila kujua yalianzia kwa nani. Waya unaoshika bodi ndio unaotangulia kutoka na ndio wa mwisho kurudi. Betri inayovuja haiinamishwi, haikumbatiwi tumboni kama mtoto, hubebwa wima juu ya ubao na watu wawili wanaoelewana. Sigara ibaki nje, na mvutaji pia. Ukichanganya asidi mpya, maji yanatangulia chomboni na asidi inafuata kidogo kidogo. Aliyefanya kinyume, alisema Papa Ilunga, alikuwa mzuri wa sura kabla ya hapo. Glavu zetu tulizikata kutoka mipira ya ndani ya magurudumu na aproni zilitoka kwenye turubai kuukuu. Tulikuwa na kipimo cha kioo chenye kielea ndani, cha kunyonyea asidi na kuona nguvu yake, na Papa Ilunga alikiosha na kukifunga kwenye kitambaa kila jioni kabla hajaosha uso wake. Miwani pale gereji ilikuwa moja, ya jua, na aliivaa tajiri.

Kwa miaka mitatu niliipenda kazi ile kwa kumpenda mtu yule. Hakuwa na maneno mengi. Nikikosea alifungua nilichofunga, akanipa tena spana, akaenda kunywa maji. Nikipatia, alikwenda kunywa maji vilevile, ila alirudi akipiga mluzi. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Mama Odila alimletea uji kwa muda wa wiki mbili, na Papa Ilunga alitutengenezea kitanda cha mtoto kwa mbao za masanduku ya vipuri. Sikuwa na baba. Nadhani walijua hilo, ingawa sikulisema.

Basi, ilikuwa msimu wa joto kabla ya mvua, saa ya mchana, wenzetu wamekwenda kuvuta lori lililokwama njiani. Bwana Chola wa Kabuta, tuliyemwita BaChola, alikuja na lori lake kuukuu likisukumwa na watu. Alikuwa mvuvi aliyefanikiwa, mwenye mitumbwi kadhaa, akawa mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa letu, zilizokaushwa, na lori lilikuwa fahari yake. Lilikuwa limekataa kuwaka. Alitueleza kwamba betri ilipasuka kwenye mashimo ya barabarani na kuanza kuvuja, lakini tusihofu, yeye mwenyewe ameshaitengeneza.

Alikuwa ameitengeneza kweli. Alichukua pamba na lami ile wanayozibia mitumbwi, akaisindilia kwenye ufa, akaipiga laini kwa kisu cha moto kama wanavyofanya kule Kabuta, kazi safi kabisa. Ungekuwa ubavu wa mtumbwi, ungevuka nao hadi kisiwa cha Chisenga na kurudi. BaChola alisimama pembeni akisubiri sifa.

Papa Ilunga aliinama akaitazama muda mrefu. "Bwato unazibaka ili mayi isiingie," alisema taratibu. "Hii, mayi iko ndani, na iko na meno."

Tulifungua waya wa bodi, kisha ule mwingine. Tulipitisha ubao. Jua lilikuwa limelipiga lori lile asubuhi nzima, lami ilikuwa imelainika, na pamba kwa ndani ilikuwa imekwisha kuliwa, ingawa kwa nje haikuonyesha. Tuliivusha betri mlangoni vizuri na kuifikisha kwenye benchi. BaChola alirudi nje kwenye lori lake. Papa Ilunga aliinamisha uso karibu na ule ufa ili aone ulipoanzia, na wakati uleule mimi nilitua upande wangu wa ubao. Niliutua kwa kishindo kidogo tu. Ile lami ilitoka kipande kizima kama kizibo cha chupa, na asidi ikamrukia machoni.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua mbili, mikono imetanuka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leta mayi. Mayi mingi, Musonda."

Alisema maji. Naomba msome tena hapo: alisema maji, na ziwa zima la Mweru lilikuwa mbele ya mlango.

Nilikimbilia nyuma jikoni, maana ndiko vyombo vilikokuwa. Ndoo ya maji ilikuwepo. Kando ya ndoo palikuwa na vyungu viwili vya Mama Odila, kile cha juu chenye vitundu na majivu ndani, na kile cha chini kilichopokea maji yaliyochujika tangu asubuhi, maji ya majivu yale ambayo akina mama wetu hutia kwenye mboga kavu na sombe, yaani kisamvu, ili zilainike. Mama Odila mwenyewe alikuwa ameingia stoo kuchukua chumvi. Nilisimama pale kati ya ndoo na chungu. Na hapo nikajiona nina akili. Nilikumbuka sakafu, nikakumbuka povu. Nikasema moyoni kwamba maji matupu yataipunguza tu asidi, lakini majivu yataiua. Niliiacha ndoo, nikabeba chungu.

Nilimlaza chali. Nilimfumbua kope kwa vidole vyangu mwenyewe, kama alivyonifundisha kufanya mtu akiingiwa na mchanga, nikammiminia maji ya majivu machoni, jicho la kulia kisha la kushoto, mpaka chungu kikaisha. Alijaribu kunitoa mkono. Mimi nilimshikilia kwa nguvu, nikimwambia avumilie, yanaua, yanaua.

BaChola ndiye aliyeingia. Hakuuliza kitu. Mvuvi akiona mtu anaungua hajui dawa nyingine. Alimwinua Papa Ilunga begani, akazipita zile hatua arobaini mbio, akaingia naye ziwani hadi kifuani, akamshikilia humo akimwosha uso muda mrefu sana. Yule aliyeziba betri kwa lami alijua la kufanya, na mimi niliyefundishwa miaka mitatu sikujua. Nilibaki ufukweni na chungu kitupu mkononi, kisha nikarudi nikakiweka mahali pake.

Tajiri alitupeleka na gari lake hadi hospitali ya misheni. Sista aliyekuwepo alikuwa mzee, mwenye mikono myepesi. Alimwosha tena na tena, akamtazama kwa taa, akaonekana hakuridhika. Aliuliza ni nini kiliingia. Papa Ilunga akajibu kwamba ni asidi ya betri. Aliuliza tena baadaye tulimwosha kwa kitu gani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Papa Ilunga aligeuza uso wake uliofungwa nusu, akauelekeza kule alikosikia ninapumua.

"Mayi ya ziwa, sista," alisema. "Hapana kingine."

Sista alisema kwamba ni ajabu, maana kama macho yalioshwa kwa maji mapema hivyo, jicho la kushoto angalau lingetarajiwa kupona. Alituuliza kama tuna hakika. Aliniangalia mimi. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na ulimi, na nilitazama sakafu ya hospitali ambayo ilikuwa nyekundu na imepigwa rangi vizuri.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja kijana alinieleza, nilipomuuliza kama habari ya mtu mwingine, kwamba maji ya majivu machoni ni mabaya kuliko asidi yenyewe. Asidi huunguza juu. Majivu huzama ndani na kuendelea kula wakati mtu anadhani yamekwisha. Sista angeambiwa, alisema, angeosha saa nyingi zaidi, na pengine jicho moja lingebaki na kitu. Alisema pengine. Neno hilo nimelala nalo.

Papa Ilunga alirudi baada ya mwezi. Jicho la kulia lilikuwa limekufa kabisa, la kushoto liliona mwanga na kivuli, basi. Watu walikuja kumpa pole na wote walisema ajali haina kinga. Msemo huo siupendi tangu wakati ule. Ajali ile ilikuwa na kinga, hatua arobaini kutoka mlangoni, yenye samaki ndani.

Nilielewa kwa nini alidanganya. Pale ufukweni, mwanafunzi akimpofusha fundi wake, hakuna anayesema amekosea. Wanasema amekitaka kiti chake. Wangesema kuna mtu alinipa dawa, wangemtaja hata mama yangu. Na maji yale yalikuwa ya Mama Odila, aliyachuja kwa ajili ya mboga ya mumewe. Kwa neno moja alitufunika sote wawili, naye akabaki gizani peke yake.

Wiki aliyorudi kazini aliagiza kamba ya nyavu, ile nene inayoshika wavu juu. Aliniamuru nifunge ncha moja kwenye mguu wa benchi la betri na nyingine kwenye mti wa kufungia mitumbwi, ndani ya maji. Kisha akawapanga mafundi wote, tajiri akiwa anatazama na miwani yake, akatufumba macho kwa vitambaa, na mmoja mmoja tukaifuata kamba kwa mkono mpaka miguu ikalowa. Wengine walicheka. Mimi nilipofika majini sikuweza kutoka haraka.

"Mutu akiogopa, akili yake inakimbia," aliwaambia wote. "Kamba, yo haikimbiake. Majivu ni ya sakafu. Mutu ni mayi, mayi tu, mpaka mikono ichoke."

Hakutaja jina. Hakugeuka upande wangu. Kuanzia siku ile, hakuna mtu aliyegusa betri gerejini bila kwanza kutembea kamba ile akiwa amefumbwa macho, na ninyi nyote mmeitembea, mkidhani ni utani wa kupokea wageni.

Kiti chake nilipewa mimi. Hilo ni moja ya mambo ambayo sitayaeleza. Kila asubuhi nilikwenda kwake, nikamshika mkono, tukatembea pamoja hadi gereji, akakaa karibu na benchi akisikiliza, na jioni nikamrudisha. Njiani tulizungumza habari za malori, bei ya chisense, mwanangu aliyekuwa ameanza kutembea. Kila siku nilijiambia nitasema tukifika kwenye kona ya kanisa. Kona ilipita. Nilijiambia, basi, kesho. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Yeye alikufa macho. Mimi ndiye niliyekufa moyo, nikitembea kando yake na macho yangu mawili mazima.

Jambo moja nililiona na nikajifanya sikuliona. Mama Odila hakuchuja majivu tena. Sombe yake tangu mwezi ule ilikuwa ngumu, na mafundi walinung'unika kimyakimya, na Papa Ilunga aliila bila neno.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha mvua za mwaka mmoja zilimletea kikohozi, kikashuka kifuani, na ndani ya siku tisa alikuwa amefariki. Nilikuwa safarini na lori la migodini. Niliporudi nilikuta wameshachimba kaburi. Nilisaidia kushusha sanduku kwa kamba, na watu wakasifu jinsi nilivyomtumikia mzee wangu kama mwana wa kumzaa. Niliwaacha waseme.

Siku ya tatu baada ya mazishi Mama Odila alikuja nyumbani kwangu amebeba kitu kwenye kitenge. Alikaa, akanywa maji, akakifungua. Kilikuwa kile chungu cha chini, cha kupokelea.

"Papa alisema nikupatie hii," alisema. "Alijua, Musonda. Siku ile ile alijua. Majivu inatelezaka mu mukono, haiko sawa na mayi. Na mi nilijua, juu nilikuta chungu haina kitu."

Nilimuuliza kwa nini basi hawakunisemesha, kwa nini hawakunifukuza, hata kunitukana. Nilikuwa nikilia na sikujali mke wangu ananiona.

Alikunja kitenge chake vizuri, pembe kwa pembe. "Alikuwa anakungojea, mutoto wangu. Kila asubui ukikuja kumukamata mukono, alikuwa anasema: leo atasema. Magaribi akirudi ananiambia: bon, labda kesho."

Chungu hicho mnakijua. Ndicho kilicho chini ya benchi, chenye majivu makavu ya kumwaga sakafuni, na ndicho nilichowakataza msikihamishe. Bomba lililoingizwa baadaye ni jema, lakini kuna siku linakauka, na ziwa halijakauka bado. Maji ya ziwa yakirudi nyuma, ongezeni kamba. Mwenzenu akirukiwa, msifikiri, mpelekeni kwenye maji, mvueni nguo zilizolowa, mfumbueni macho, mwosheni mpaka mikono ichoke na muendelee kumwosha njiani. Na mkifika hospitali mkiulizwa mlimtia nini, jibuni mlichomtia, hata kama ni aibu, hata kama yeye mwenyewe ameshawajibia.

Mimi ndiye niliyemtia Papa Ilunga maji ya majivu machoni. Ni maneno machache tu, yangetosha kwenye ile kona ya kanisa asubuhi yoyote, na aliyekuwa akiyangojea hayupo.